Nimetoka Pwani Nikaenda Pwani

Jamani, mtu azaliwe Malindi, akulie Malindi, aendeshe tuktuk Malindi miaka kumi na minne, halafu siku Mungu aliyomjalia kupanda ndege kwenda likizo apelekwe wapi? Baharini! Italia ina milima, ina theluji, ina ng'ombe wanaovishwa kengele shingoni, mambo ambayo macho yangu hayajayaona. Lakini shemeji yangu, Mwitaliano aliyemwoa dada yangu, alinipigia simu akicheka kwa furaha: "Cognato, Agosti tunakupeleka mare!" Cognato ni shemeji, mare ni bahari. Mimi nikitupa kokwa la embe nyuma ya nyumba yangu linaangukia mare.

Habari za viza niacheni. Nilipeleka karatasi zote nilizo nazo duniani, mpaka kitabu cha tuktuk.

Tukaenda Rimini, upande wa mashariki, kwenye bahari ya Adriatiki. Sasa elewa kwamba Kiitaliano changu ni cha tuktuk. Najua kushoto, kulia, ghali mno, na choo kiko wapi, kwa sababu hayo ndiyo wanayoyasema abiria wangu. Usiku wa kwanza shemeji akatangaza mezani kwamba ametulipia bagno wiki nzima. Nikamtazama dada. Bagno, kwa mujibu wa abiria wote niliowahi kuwabeba, ni choo. Nikajiambia, ndiyo maana watu hawa wakifika Malindi huwa wametulia hivi: kwao choo hulipiwa kwa wiki!

Kumbe bagno ni kipande cha ufuo. Mchanga wa Rimini unakwenda kama kilomita 15, na karibu wote umekatwa vipande kama shamba la urithi. Kila kipande kina namba, kina mwenye kukisimamia kwa kibali cha serikali, kina bafu, kina mkahawa, na kina miavuli. Bagno ya kwanza ya Rimini ilifunguliwa 1843, kwa hiyo wana uzoefu. Miavuli imepangwa safu kwa safu, rangi moja, urefu mmoja, utadhani watu wamejipanga kwa swala ya Idi. Chini ya kila mwavuli kuna vitanda viwili. Ukitaka safu ya mbele, karibu na maji, unaongeza hela. Safu ya nyuma ni nafuu, lakini kutoka huko bahari unaisikia kwa jirani.

Nikauliza bei. Euro 28 kwa siku. Nikapiga hesabu kwa vidole, nikarudia nikidhani nimekosea: zaidi ya shilingi elfu nne. Kwa nini? Kwa kivuli. Wallahi, kivuli! Kwetu kivuli kinamwagika bure chini ya mkwaju mpaka mbuzi wanakichoka.

Tatizo likaja hapa. Vitanda viwili, na sisi watu watano: shemeji, dada, wapwa zangu wawili na mimi. Watoto wanalala mchangani, sawa. Cha tatu kingeongezewa bei. Nikasema hapana, mjomba wenu atakaa chini kama mtu wa pwani. Nikachukua kikoi changu, cha buluu chenye mistari ya manjano, nikakitandaza pale maji yanapokatikia, nikajilaza. Sijamaliza hata kushusha pumzi, kijana mmoja wa bagno mwenye fulana nyekundu akaja akasimama juu yangu, na kivuli chake nikakipata bure.

Akaeleza kwa adabu. Sheria yao inasema bahari ni ya wote, na mita tano za ukingoni mwa maji ni njia ya kila mtu, hakuna wa kukuzuia. Nikamwambia vizuri, mimi ni kila mtu. Akasema ndiyo, lakini ni njia ya kupita. Kupita unaruhusiwa. Kulala, kutandika, kuweka kiti, hapana. Yaani bahari ni yako maadamu miguu inatembea.

Basi nikatembea. Ningefanya nini? Kikoi begani, asubuhi hadi alasiri, mita tano zangu za katiba, kutoka bagno hadi bagno. Nimeiona Rimini kuliko meya wake.

Na bahari yenyewe, tuseme kweli. Siku ya kwanza niliingia nikitaka kuogelea. Nikaenda, nikaenda, maji magotini. Nikaenda tena, nikapita wazee wanaosoma gazeti majini, maji mapajani. Nikageuka kutazama nyuma, miavuli imekuwa kama vifuniko vya soda, na mimi bado nimesimama. Isitoshe, bahari ile haijui bamvua wala maji mafu. Kwetu maji ya bamvua hupanda mita tatu hivi, ukichelewa kuutoa mtumbwi imekula kwako. Kule maji hupanda kidogo na kushuka kidogo, kama mtu anayepumua usingizini, na ndiyo maana wanathubutu kupanga vitanda mpaka ukingoni. Nikamwuliza shemeji mbona maji yamechafuka rangi. Akasema ni mto Po, unamwaga tope lake kaskazini na mkondo unalileta. Hapo nikacheka. Nimesafiri kwa ndege mbili kwenda kuoga tope la mto, na Sabaki ninao nyumbani, mvua zikinyesha unaipaka Malindi nzima rangi ya chai ya maziwa!

Hata hivyo huogi unapotaka. Waitaliano wakishakula mchana hawagusi maji kwa saa mbili, wengine tatu, ati chakula kitaganda tumboni mtu azame. Wapwa zangu, watoto wa dada yangu, damu ya wavuvi, niliwakuta wameketi wamekunja mikono wakiangalia saa. Baba yao kawaambia saa tisa na nusu. Mimi kwetu nilikuwa napiga mbizi mkate wa mofa bado uko mdomoni. Mtoto akitoka majini, mbio, abadilishwe kaptula, upepo usimpige tumboni. Shemeji huyohuyo akija Malindi hupanda tuktuk yangu kifua wazi saa nne za usiku, na upepo haumdhuru. Labda upepo wetu hana habari nao.

Sasa sikilizeni ya nazi. Nimejitembelea zangu, nasikia mtu anaimba: "Cocco! Cocco bello!" Namtazama, kabeba ndoo ya vipande vya nazi, anavinyunyizia maji visikauke. Nikasogea kama daktari. Haikuwa kitale, haikuwa dafu, haikuwa hata koroma. Ilikuwa nazi komavu, ile ya kuketi nayo kwenye mbuzi ukaikuna ukatia tui kwenye wali. Watu wanaitafuna hivyohivyo, kavu, wanafumba macho kwa utamu! Kipande kimoja, kama kidole na nusu, euro mbili. Shilingi mia tatu. Kwa hela hiyo nyumbani napata nazi nzima kadhaa na mtu wa kuzifua. Nilisimama pale nikahuzunika kwa niaba ya minazi yote ya Kilifi.

Chakula chao sikilaumu. Wana mkate wao wa Romagna unaitwa piadina, na mimi nilipouona nikauamkia, maana ni chapati. Chapati kabisa, imeokwa juu ya chuma, wanaikunja na kutia jibini laini na majani. Tena wana andazi la duara, bombolone, linauzwa moto ufukweni. Nilikula manne nikitafuta iliki, sikuipata. Kilichoniudhi ni mkahawa tuliokwenda usiku. Bili ilipokuja ilikuwa na mstari juu kabisa: coperto, euro mbili na nusu, mara watano. Hatukuagiza coperto. Shemeji akasema ni ada ya meza, kitambaa, uma na mkate. Yaani ni ya kuketi! Hapo ndipo nilipoielewa nchi ile: ukilala unalipa, ukikaa unalipa, bure ni kutembea tu.

Siku moja nikaomba nionyeshwe mji. Nikapelekwa kwenye daraja la Tiberius, matao matano ya mawe meupe, lilikamilika mwaka 21. Si 1921, ishirini na moja mtupu, Yesu bado anatembea. Limesimama miaka elfu mbili. Kwetu kuna daraja, silitaji, lilikatiwa utepe kwa ngoma na hotuba, masika ya pili likaondoka na maji, utepe ukabaki. Nikamwuliza shemeji hulipita mara ngapi. Akasema mara ya mwisho alikuja na shule. Nikanyamaza, kwa sababu kwenye nguzo ya Vasco da Gama napeleka wageni kila wiki na sijawahi kushuka kwenye tuktuk kuitazama.

Ikafika tarehe 15 Agosti, Ferragosto, sikukuu wanayosema asili yake ni mfalme Augustus wa Roma ya kale. Siku hiyo Italia yote hufunga duka na kushuka baharini. Mchanga haukuonekana. Hata zile mita tano zangu zilikuwa na foleni ya kwenda na kurudi, tukigongana mabega kama stendi ya matatu.

Na hapo ndipo jambo lilipozidi. Tangu siku ya kwanza watu walikuwa wananiita. Kwenye fukwe zile hupita vijana wengi wa Kiafrika na wa Bangladeshi wakiuza vitambaa, miwani na bangili, vitambaa wamevitupia begani. Nami ni nani? Mwafrika, natembea, kitambaa begani, sikai chini. "Quanto?" Bei gani? Nikisema siuzi, mimi niko likizo, wanacheka, wanadhani ndiyo mbinu yangu ya biashara. Kijana mmoja Msenegali akanisimamisha, akaniuliza kwa upole kwa nini nazunguka na mzigo wa kitambaa kimoja, biashara haiendi hivyo.

Siku ile ya Ferragosto, mama mmoja wa makamo, kofia kubwa, alishika pembe ya kikoi akakipapasa. "Quanto?" Mara ya ishirini na kitu wiki ile. Miguu inawaka moto, kichwani nina zile 28 za kivuli. Mdomo ukasema wenyewe: "Trenta." Thelathini. Akasema kumi na tano. Ah! Akaniamsha Malindi yote iliyomo ndani yangu. Nikashika kifua, nikaangalia mbingu, nikageuka kuondoka hatua tatu, ile ya kuondoka bila kuondoka. Tukamalizia ishirini. Rafiki yake naye akanyanyuka kwenye kitanda: "Kingine kiko wapi?"

Shemeji alipopata habari alishika kichwa. Ati nimeuza bila leseni, ati askari wa manispaa wanapita, ati faini! Nikamwambia shemeji, sikukaa, sikulala, nilikuwa napita tu.

Nimerudi nyumbani. Mke wangu hakuuliza daraja, hakuuliza bahari. Alifungua begi, akapekua mpaka chini.

"Kikoi changu kiko wapi, baba watoto?"

Kilikuwa chake, nilisahau kuwaambieni. Nikaeleza yote, nimeinamisha uso. Akauliza, ishirini hizo ni ngapi kwa hela yetu? Nikasema kama elfu tatu. Hakunijibu, akaingia jikoni.

Asubuhi naenda kuwasha tuktuk, kwenye kiti cha abiria nikakuta vikoi kumi na viwili, vimekunjwa, vimefungwa kamba.

"Shemeji yako," akaniambia kutoka dirishani, "Agosti ijayo anasemaje?"