Kujitibu OCD nyumbani: unaweza kufika wapi bila daktari?

Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume alikuwa akitia udhu kwa kibaba kimoja cha maji, kipimo kisichofika lita moja. Mtu aliyeshikwa na OCD ya tohara, maradhi ya mawazo yanayomrudia mtu na vitendo anavyojiona amelazimika kuvirudia, anaweza kumaliza jerikeni ya lita 20 kwa sala moja ya adhuhuri, na bado akatoka chooni akikishuku kisigino chake cha kushoto. Mombasa, ambako mifereji hukauka na maji mengi huja kwa mkokoteni, nyumba nzima huijua gharama ya maradhi haya kabla ya kuyajua jina.

Siku hizi jina hupatikana kwenye simu, na huja pamoja na ahadi kwamba unaweza kujitibu mwenyewe, nyumbani, bila kumwona mtu. Wapo wanaoishika ahadi hiyo kwa mikono miwili, na wapo wanaoona kuwa bila mtaalamu ni kujiumiza. Kila upande una ushahidi wake, ila naona wote wanagombania swali lisilo lenyewe.

Tiba inayobishaniwa si ya jana. Mwaka 1966, Victor Meyer, mwanasaikolojia wa London, alieleza habari za wagonjwa wawili waliosogezwa karibu na vitu walivyoviogopa huku wakizuiwa kufanya vitendo vyao vya kujituliza. Msingi huo wa kukabili na kujizuia ndio uliobaki hadi leo. Unagusa kitasa unachokiona kichafu, kisha huoshi mkono. Bila hiyo sehemu ya pili, ya kwanza ni mateso matupu, na hapa ndipo wengi wanaojitibu huanza kupotea.

Hoja kubwa ya watetezi wa kujitibu ni kwamba kazi yote hufanyika nyumbani. Hakuna daktari atakayesimama mlangoni kwako Likoni kila asubuhi ukihangaika na kufuli. Isitoshe, wataalamu wa akili Kenya ni wachache na wengi wako Nairobi. Anayetegemea hospitali za Mombasa kama Port Reitz au Hospitali Kuu ya Pwani hawezi kutarajia kuonana na mtu saa moja kila wiki kwa miezi mitatu. Na kujitibu kumepimwa. Katika utafiti wa Marekani ya Kaskazini uliotangazwa mwaka 2002, wagonjwa 218 waligawanywa makundi matatu kwa wiki 10. Waliotibiwa na mtaalamu walishuka pointi 8.0 kwenye Y-BOCS, kipimo cha ukali wa OCD chenye maswali 10 na jumla ya pointi 40. Walioongozwa na kompyuta kupitia simu, pamoja na kitabu cha mazoezi, walishuka 5.6. Waliofundishwa kutuliza mwili tu walishuka 1.7.

Wapinzani husoma tarakimu hizohizo na kusema 5.6 si 8.0, na wana haki. Lakini uko utafiti mwingine, mdogo, wa Uingereza wa mwaka 2005, ambao kwangu unasema zaidi. Watu 44 wenye OCD sugu walipewa mpango uleule wa kompyuta. Nusu walipigiwa simu fupi kwa ratiba, na nusu waliambiwa wapige wenyewe wakihitaji msaada. Kwa wiki 17, wa ratiba walizungumza na mtaalamu kama dakika 76 kwa jumla, na wa kujipigia kama dakika 16. Wa ratiba ndio waliodumu na mazoezi na kupata nafuu zaidi. Saa moja na robo ya mazungumzo, kwa miezi minne! Kweli, waliopiga simu walikuwa wataalamu, kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba shemeji yako atafaa vilevile. Ila tofauti ya makundi haikutokana na elimu waliyopewa, kwa sababu mpango ulikuwa mmoja. Naona ilitokana na kuwepo mtu aliyejulikana atauliza, siku fulani, umefanya nini. Kujitibu peke yako kabisa na kujitibu huku mtu akikufuatilia ni mambo mawili, na mabishano mengi huyachanganya.

Chukua mtu wa Likoni anayefanya kazi kisiwani na anayeshuku mlango na gesi. Aandike hali 10 hadi 15 zinazomtia hofu, kila moja na alama kati ya 0 na 100. Kufunga mlango mara moja na kuondoka huku mtu yuko ndani, 35. Kuiacha nyumba tupu na kwenda dukani, 50. Kuvuka feri bila kurudi, 75. Kufunga mtungi wa gesi mara moja na kwenda kulala, 80. Anaanza na 35 au 40, kila siku, dakika 45 hadi saa nzima, akiandika alama ya hofu kila baada ya dakika 10. Hapandi juu mpaka alama ya mwanzo wa zoezi, si ya mwisho tu, iwe imeshuka siku kadhaa mfululizo. Anayekurupuka kuanzia 80 hukimbia siku ya pili. Anayefanya dakika tano kisha akarudi kukagua amejifunza kwamba kukagua ndiko kulikomwokoa.

Zamani mgonjwa aliambiwa akae hadi hofu ishuke nusu. Siku hizi watafiti kama Michelle Craske husisitiza zaidi kwamba agundue alichokiogopa hakikutokea, au kwamba shaka inabebeka hata isiposhuka. Kwa anayejitibu hili si jambo dogo, maana mwenye OCD akiachiwa kuchunga alama ya hofu kila dakika, ataikagua kama alivyokuwa akikagua kufuli.

Makosa mengine hayaonekani kwa macho. Yuko aliyeacha kurudi mlangoni, lakini akiwa kwenye feri anarudia kichwani picha ya ufunguo ukizunguka, mara nane, mara tisa. Yuko aliyepiga kufuli picha kwa simu, akaona amepona. Na yuko mwenye kichupa cha dawa ya kuua vijidudu mfukoni, hakitumii, ila hatoki bila yake. Yote hayo ni vitendo vya kujituliza, na mtaalamu huyafichua kwa maswali machache. Kitabu hakiulizi.

Jeffrey Schwartz, daktari wa akili wa Los Angeles, alieneza njia ya kuliita wazo jina lake, kwamba hii ni OCD, kisha kushika shughuli nyingine kwa dakika 15 kabla ya kulitii. Ni mlango mzuri kwa asiyeweza kujizuia kabisa. Upungufu wake ni kwamba maneno yale hugeuka kinga ya kusomwa kila dakika, na zile dakika 15 huwa za kungoja ruhusa. Ikiwa baada ya wiki mbili hazijawa 30, kisha saa nzima, njia hiyo imekwama.

Kinachoua juhudi zaidi, kwa maoni yangu, ni huruma ya nyumbani. “Mama, nimefunga?” “Umefunga, mwanangu, nenda.” Jibu hilo hutuliza dakika kumi na kulisha maradhi mwaka mzima. Basi kabla ya zoezi la kwanza, achaguliwe mtu mmoja, mpole lakini si mwepesi wa kulainika, na wakubaliane sentensi moja: “Hilo ni swali la OCD, tulikubaliana sitalijibu.” Isisemwe kwa kejeli, na asiambiwe “acha ujinga”. Mtu huyohuyo ndiye apange siku mbili za wiki za kuulizia daftari la mazoezi.

Kwenye udhu na sala, Pwani ina msaada ambao vitabu vya Ulaya havina. Hadithi inamkataza aliyeshuku kutokwa na upepo asivunje sala mpaka asikie sauti au apate harufu. Ibn Hajar al-Haytami, mwanazuoni wa Kishafii wa karne ya 16, alipoulizwa dawa ya wasiwasi, yaani shaka zinazomrudia mtu katika ibada, alijibu kwamba ni kuupuuza kabisa, hata kama moyo una kusitasita. Hiyo ndiyo kujizuia yenyewe. Kwa hiyo zoezi halimtaki mtu afanye haramu. Linamtaka atie udhu kwa chupa ya lita 1, kila kiungo kisizidi mara tatu, chupa isijazwe tena, afunge takbira mara moja, na asali na shaka yake. Hatari ni kuzunguka. Anamuuliza sheikh wa msikiti wa mtaani, kisha wa Mji wa Kale, kisha anatafuta fatwa usiku kwenye simu. Sheikh awe mmoja, jibu liandikwe, na swali hilo lisirudiwe. Kisomo nacho sina ugomvi nacho, isipokuwa kinapoombwa upya kila shaka inapozuka.

Wako wasiofaa kuanza peke yao. Aliye na pointi 24 au zaidi za Y-BOCS, aliyezama katika huzuni nzito au anayefikiria kujiua, na mtoto, hawa waanzie hospitalini. Vilevile mwenye vitendo vyote kichwani, kama anayetishwa na mawazo ya kumdhuru mwanawe au ya kukufuru, kwa kuwa ni vigumu kwake kutenganisha wazo na kitendo cha kujituliza bila jicho la pili. Dawa kama fluoksetini husaidia, lakini kwa OCD kiwango mara nyingi hupandishwa hadi miligramu 40 au 60, na matokeo huchukua wiki 8 hadi 12. Hilo ni la daktari, si la kaunta ya duka la dawa. Vidonge vya kutuliza kama valiamu, vikimezwa kabla ya zoezi, hufuta somo lenyewe.

Aliyebaki, mwenye OCD ya wastani, simwambii angoje foleni. Aanze huku jina lake liko kwenye foleni. Ajipime Y-BOCS siku ya kwanza, wiki ya 4 na wiki ya 12, si zaidi, maana kupima nako huwa ulevi. Wataalamu huhesabu nafuu ya kweli kuwa kushuka kwa angalau asilimia 35. Aliyeanza na 22 anatakiwa afike 14. Akibaki kwenye 19, aende kliniki na daftari lake lote, pamoja na kurasa za siku alizoshindwa, kwa sababu hizo ndizo zitakazomwonyesha daktari kitendo gani kilijificha.