Ndala ilipogoma kutoka mguuni

Mama yangu ameuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, tangu mimi sijaanza shule. Mwaka jana, Jumamosi moja jioni, alirudi nyumbani akasimama mlangoni kuvua ndala kama kawaida yake. Ya kushoto ikatoka. Ya kulia ikagoma. Akaivuta, akaitikisa, akasema, "Hii nayo imenasa nini?" Nikamkalisha kwenye stuli nimtazame. Ndoana ya mgonzo, ile kamba ndefu yenye ndoana nyingi kubwa za sangara, ilikuwa imetoboa ndala kutoka chini na kuzama kwenye unyayo, karibu na kidole gumba. Ndala ilikuwa imeshonwa mguuni. Damu ilishakauka. Alitembea nayo hadi kwenye daladala, akashuka, akapanda ngazi za mawe hadi kwetu Mabatini.

"Mama, hukuhisi?"

"Nihisi nini, mwanangu?"

Mama ana sukari mwaka wa tisa sasa. Kabla ya siku ile alikuwa amelalamika kwa muda mrefu kwamba miguu inakufa ganzi, kwamba sisimizi wanamtembea vidoleni, na kwamba usiku nyayo zinawaka moto hadi anazitoa nje ya neti. Sisi tukasema ni uzee. Jirani akasema amekanyaga dawa sokoni. Mwenyewe alisema "mishipa imekufa", na hapo ndipo tulipopotea zaidi, kwa sababu Kiswahili chetu kinaita karibu kila kamba ya mwilini mshipa: wa damu, wa fahamu, hata mwenye ngiri tunasema ana mshipa. Tukaelewa damu haitembei. Nikamnunulia dawa ya kuchua, na kila jioni tukamwekea miguu kwenye beseni la maji ya moto. Maji ambayo hakuwa na uwezo wa kujua kama yanaunguza! Hilo linaniuma mpaka leo.

Mishipa aliyokuwa anaizungumzia ilikuwa ya fahamu, yaani neva. Tangu siku ile nimesoma sana habari zake, na kitu kilichonishangaza kuliko vyote ni urefu. Seli inayopeleka habari za kidole gumba cha mguu haikai mguuni. Mwili wake mdogo umekaa kiunoni, pembeni ya uti wa mgongo, na kutoka hapo unashuka uzi mmoja, mwembamba kuliko unywele, wa karibu mita nzima mpaka kidoleni. Seli moja tu! Kama mwili wa seli hiyo ungekuwa na ukubwa wa chungwa, uzi wake ungezidi kilomita moja. Fikiria mgonzo uliotegwa mbali ziwani huku mvuvi ameshika ncha moja tu. Chakula na vifaa vya matengenezo vinatengenezwa kiunoni, kisha vinasafirishwa uzi mzima mpaka mwisho. Sukari ikizidi kwenye damu miaka na miaka, inaharibu uzi wenyewe pamoja na vijishipa vya damu vinavyoulisha, na panapoanza kufa ni mwisho kabisa, kwenye nyuzi ndefu kuliko zote. Ndiyo maana ganzi huanzia vidole vya miguu vyote viwili na kupanda taratibu kama mtu anayevaa soksi. Hakuna dawa ya sokoni inayokanyagwa kwa mpangilio huo.

Mguu usio na ganzi ukichomwa, habari hukimbia hadi kwenye ugwe laini uliomo ndani ya uti wa mgongo, na pale pale amri hurudi kwenye misuli: inua! Mguu unanyanyuka kabla ubongo haujajua kilichotokea. Maumivu unayasikia baadaye kidogo. Kwa mama, ubongo ni mzima, ugwe ni mzima, misuli ni mizima. Habari ndiyo haikuondoka kidoleni. Hata ule ukavu wa nyayo na mipasuko ya visigino tuliyokuwa tunapaka mafuta ilikuwa habari hiyo hiyo, maana neva ndizo zinazoamrisha jasho, na zikifa ngozi inakauka na kupasuka, vijidudu vinapata mlango. Kidonda ndugu huanza hivyo, na baada yake msumeno.

Sasa nisemalo ni hili. Kituo alichokuwa anahudhuria mama, miaka yote hiyo walimtoboa kidole, wakampima uzito, wakamwandikia vidonge. Hakuna siku aliyoambiwa avue viatu. Mimi naona hiyo si kliniki ya sukari iliyokamilika. Kipimo chenyewe cha hisia za miguu hakihitaji umeme: ni uzi wa nailoni, ndugu kabisa wa mshipi tunaovulia, unaobonyezwa kwenye unyayo mpaka ujikunje, ambapo mgandamizo ni wa gramu 10. Asiyeuhisi, mguu wake uko hatarini. Katika mji ambao watu wanashinda mwaloni na ndala, katikati ya ndoana, vioo na misumari ya mitumbwi, sioni sababu hata moja ya kipimo hiki kusubiri kidonda. Na ganzi ina vyanzo vingine pia, pombe kali ikiwemo, na hata dawa mojawapo ya kifua kikuu, ndiyo maana wagonjwa wake hupewa vitamini B6. Kwa hiyo anayesema miguu inakufa ganzi asipewe jibu la uzee na yeyote, muuguzi wala mtoto wake.

Ndoana ilitolewa hospitali, kidonda kikachukua miezi miwili na mguu ukabaki. Sasa mama anavaa viatu vya kufunika, na hutia mkono ndani kabla ya kuvaa.

Kila Jumapili usiku mwanangu wa miaka minane humfanyia kipimo tulichofundishwa. Bibi anafumba macho. Mtoto anagusa kwa wepesi ncha ya kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano, mguu huu na ule, sekunde moja au mbili bila kubonyeza, na bibi anajibu "kulia" au "kushoto". Vikipotea viwili au zaidi kati ya sita, hisia zimepungua. Juzi alifika kidole cha tatu cha kulia. Mama akakaa kimya. Mtoto akasubiri, akanitazama, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, nimeshagusa."