Insha za Helen Garner na haki ya wasiotaka kuandikwa

Mwaka 1992 mwandishi wa Australia Helen Garner alisoma gazetini kwamba mkuu wa Ormond College, makazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Melbourne, alikuwa ameshtakiwa kwa madai ya kuwashikashika wanafunzi wawili wa kike, mashtaka ambayo hatimaye hayakumtia hatiani. Kabla hajachunguza lolote, Garner alimwandikia mkuu huyo barua ya kumpa pole. Habari za barua zikawafikia wasichana wale, na alipoamua kuandika kitabu juu ya kesi hiyo, walikataa katakata kuzungumza naye.

Kitabu hicho, The First Stone, kilichotoka mwaka 1995, kiliwagawa wasomaji wa Australia, na hadi leo ni vigumu kujadili uandishi wa nafsi ya kwanza nchini humo bila kukigusa. Wanaomtetea Garner husema kwamba barua ile ameiweka wazi kitabuni, pamoja na hasira yake kwa vijana waliokimbilia polisi badala ya kuyamaliza papo hapo, hivyo msomaji anajua tangu mwanzo mizani imeelemea wapi. Mwandishi wa ripoti ya kawaida angekuwa na upendeleo uleule, ila angeuficha nyuma ya maneno kama “inadaiwa”. Hoja hii naikubali.

Wapinzani nao wana hoja ambayo siioni ikijibika kirahisi. Wasichana wale walipokaa kimya, nafasi yao ilijazwa na dhana za Garner kuwahusu. Zaidi ya hapo, mhadhiri mmoja aliyewasaidia aligawanywa kitabuni kuwa wahusika kadhaa wenye majina tofauti, kwa kuhofia kesi ya kashfa, na msomaji hakuambiwa. Mtu mmoja aliyesimama na wanafunzi wake akaonekana kama kundi zima la wanaharakati. Kuungama hisia zako hakukupi ruhusa ya kubadili idadi ya watu waliokuwepo, na hapo, kwa maoni yangu, Garner alivunja ahadi ambayo insha humpa msomaji.

Alexis Wright, mwandishi wa taifa la Waanyi, mojawapo ya jamii za wenyeji asilia wa Australia, alishika njia nyingine katika Tracker, kitabu kilichotwaa Tuzo ya Stella, tuzo ya waandishi wanawake wa Australia, mwaka 2018. Akisimulia maisha ya mwanaharakati Tracker Tilmouth, aliyetenganishwa na familia yake utotoni, aliwaacha ndugu, marafiki na wanasiasa wazungumze kila mmoja kwa kinywa chake, hata wanapopingana. Ni njia yenye heshima zaidi kwa wanaosimuliwa, ingawa nayo ina gharama yake: aliyechagua sauti na kuzipanga ni Wright mwenyewe, na kazi hiyo ya mkono wake msomaji huiona kwa shida kuliko anavyouona upendeleo wa Garner.