Pekingese Kisumu: tabia inafaa, sura ndiyo inayonitia wasiwasi

Mbwa wa Kisumu ana kazi. Mchana hulala chini ya mwembe, usiku huzunguka boma, na bango la "Mbwa Kali" getini humpa sifa ambazo pengine hana. Ndiyo maana Pekingese, mbwa wa kupakatwa mwenye uso bapa na manyoya yanayofagia sakafu, akionekana Milimani au Riat, majirani huuliza: huyu naye atamfukuza nani?

Wanaouliza hivyo hawajakaa naye. Pekingese hubweka mgeni akiwa bado getini, na si wa kumkimbilia kila mtu akitingisha mkia. Humtazama mgeni kwa mbali, akampima, kisha akaamua mwenyewe kama anastahili kusogelewa. Kizazi chake kililelewa katika majumba ya wafalme wa China, na mpaka leo anajibeba kama mwenye cheo. Woga hana, hata mbele ya jibwa la mtaani linalomzidi mara tano, na hapo ujasiri wake unaweza kumponza. Ni mkaidi pia: ukimwita anaweza kukutazama tu, kisha akarudi kulala. Anayetaka mbwa wa kutii amri atafute German Shepherd. Nyumba yenye watoto wadogo wa kuvuta masikio nayo haimfai sana. Lakini kwa mtu mzima anayeishi nyumba ya kupanga ghorofani, bila ua, mbwa anayetosheka na matembezi mafupi na asiyehitaji kukimbizwa kila jioni ni mwenzi mzuri.

Kwa tabia, basi, namtetea bila kusita. Kwa bahati mbaya, wanunuzi wengi huvutiwa kwanza na sura.

Viwango vya Uingereza vinasema dume asizidi kilo 5, na jike kilo 5.4. Ana shingo yenye manyoya kama ya simba, macho makubwa yaliyojitokeza ambayo hukwaruzika kirahisi, na miguu mifupi ya mbele inayompa mwendo wa kuyumba. Pua yake iko karibu usawa wa macho, na hapo ndipo ninapokwama. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, hewa ikipita juu ya ulimi na ndani ya pua yenye unyevu. Pekingese amefupishwa pua, lakini nyama za ndani hazikufupishwa kwa kiasi hicho hicho, hivyo kaakaa laini mara nyingi humzibia njia ya hewa. Juu ya hayo amevikwa manyoya ya tabaka mbili. Sasa mlete Kisumu, mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo joto la mchana hukaribia au kupita nyuzi 30 na unyevu wa ziwa huzuia mate yasikauke upesi ulimini.

Mwaka 2003 Pekingese alishinda taji la Crufts, onyesho kubwa la mbwa la Uingereza ambalo hufanyika Machi, wakati kule bado kuna baridi. Baadaye, mwaka 2008, kipindi cha BBC kilieleza kwamba bingwa huyo alipigwa picha akiwa ameketishwa juu ya barafu ili asizidiwe na joto. Baada ya kelele zilizofuata, chama cha mbwa cha huko kilirekebisha viwango vya uso wake. Na haikuwa lazima awe hivi. Wanajeshi wa Uingereza na Ufaransa walipopora kasri la kiangazi la Beijing mwaka 1860, mbwa mmoja alipelekwa kwa Malkia Victoria, na picha yake ya zama hizo inaonyesha pua iliyojitokeza kuliko ya mabingwa wa leo.

Watetezi wake wana hoja nzito, na siipuuzi: mbwa wa kienyeji anayefungwa mnyororo kutwa nzima juani, bila maji, hateseki zaidi ya huyu anayelala chini ya feni? Huenda anateseka zaidi. Ila mateso ya mnyororo huisha ukifunguliwa. Pua fupi haifunguliwi, isipokuwa kwa upasuaji, nao si wa kila daktari wa mifugo.

Mahali nako kuna uzito wake. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, au Eldoret juu zaidi, Pekingese ana nafuu kubwa. Kisumu mwenye naye amtembeze alfajiri, amvalishe mkanda wa kifuani badala ya ukosi, asimwache kamwe ndani ya gari, na amchane kila siku, maana kupe hujificha vizuri katika manyoya yale. Wengi huishia kumnyoa. (Umelipia manyoya, kisha unamlipa kinyozi ayatoe!)

Ukiupenda ukaidi wake na bado unaishi kando ya ziwa, mwambie muuzaji akuonyeshe mama wa watoto hao. Mtembeze dakika chache, kisha sikiliza anavyopumua. Akikoroma akiwa macho, muuzaji atakwambia ndivyo Pekingese walivyo. Mshukuru, uondoke, utafute aliye chotara mwenye pua ndefu kidogo.