Shubiri Yangu, Zahanati ya Mtaa

Leo asubuhi nimehesabu tena majani. Saba. Jana yalikuwa kumi na moja. Na kile kikonyo cha maua mekundu nilichokisubiri tangu mvua zikatike kimelala chini kama bendera ya timu iliyoshuka daraja.

Kijana wa miche pale barabarani aliniambia, "Mzee, shubiri haitaki chochote. Ipande kwenye mawe uisahau." Hakusema uongo. Viwanja vyetu vya Iringa si mnavijua: ukichimba shimo la choo unakutana na jiwe, ukisogea kushoto unakutana na ndugu yake. Nikasema jiwe lisilopasuka nalipamba. Nikajaza changarawe kwenye nyufa, maji yasituame yakaozesha mizizi, nikapanda, nikakaa. Sijamwagia hata kikombe; maji yake inayo humohumo kwenye majani. Mbuzi wa jirani alionja mara moja, akanitazama kama nimemdhulumu.

Habari za binadamu kijana hakuzigusa.

Bodaboda mmoja alichukua jani la tumbo. Mwalimu, la upara (namkagua kila Ijumaa, sioni kitu). Nikavumilia, mtu mzima mimi, mwenye bustani. Jumapili nikamkuta Mama Tumaini juu ya jiwe, kanga kiunoni, kisu mkononi.

"Kamwene, Baba Neema."

"Kamwene, mama. Kulikoni huko juu?"

"Kuku wana kideri."

"Mama, hilo ni ua."

"Ua la nini?"

"La kutazama."

Akalitazama. "Haya, nimetazama." Akakata.

Nikajikaza, nikamweleza kwa heshima zote kwamba kideri ni virusi, shubiri haiviwezi, kinga yake chanjo: tone moja jichoni kila miezi mitatu, kuku akiwa bado mzima. Alinisikiliza kichwa upande mpaka nikajiona bwana mifugo. Akauliza, "Kutia unajua?" Nikajibu, "Mbona rahisi." Nani alinituma?

Wale kuku wagonjwa walikufa wote, na shubiri yangu tumboni. Jana saa kumi na mbili alfajiri, kwa kipupwe hiki, nilikuwa bandani kwa dada yake Mama Tumaini nakimbizana na kuku ishirini na sita ambao hawajaugua wala hawataki kusikia habari ya tone. Jogoo alinipiga teke, tone likaingia jicho langu. Mama Tumaini hata hakucheka. "Basi nawe tayari, mpaka mwezi wa kumi."

Nimelipwa mayai manne. Moja viza.

Pale Gangilonga jiwe limepewa jina la jiwe linaloongea. Langu nimeliuliza nani kapita usiku, kimya. Nikaenda kuulizia senyenge: wanauza rola nzima tu, nusu hawakati. Fundi naye kaja, kagonga gonga, kaniambia nguzo hazisimami juu ya jiwe, na ya kuja tu ni elfu tano.