Mkwe Kaingia Kisimani

Mama mkwe wangu alifundisha historia sekondari huko Tanga mpaka akastaafu. Mtu wa namna hiyo humtembezi Italia. Yeye ndiye anayekutembeza. Nilikodi gari Roma nikijiona mwenyeji, na hata barabara kuu hatujaishika akaniuliza jeshi lililoipora Roma mwaka 1527 lilikuwa la nani. Nikasema la Wafaransa. Akanyamaza kilomita kadhaa, kisha akajibu kwa upole wa mtu anayesahihisha daftari: "La Kaisari Charles V, baba. Tazama njia."

Mke wangu alikuwa zamu kazini, kwa hiyo tulikuwa wawili tu. Nanyi mnajua mambo ya mtu na mama mkwe wake. Fiat Panda haikutengenezwa na watu wenye wakwe. Kila nikibadilisha gia naomba radhi.

Tulianzia Civita di Bagnoregio, kijiji kilichokaa juu ya kilima cha mwamba laini unaomomonyoka. Tetemeko la mwaka 1695 lilikibomoa sana, na siku hizi wakazi wake wa kudumu ni wa kuhesabika. Gari haliingii. Unavuka kwa miguu daraja lililojengwa 1965, na mwisho wake ni mpando usio na huruma. Mama aliupanda, akazunguka, akatoa hukumu: Tongoni, kwetu Tanga, kuna makaburi ya kale yapatayo 40, mengine ya nguzo, na huhitaji kupanda popote. Halafu akatangaza kwamba magoti yamekwisha.

Lakini Orvieto lazima, kwa sababu ya kisima. Roma ilipoporwa, Papa Clement VII alikimbilia mji huo ulio juu ya jabali, akahofia akizingirwa watu watakufa kwa kiu. Akamwagiza Antonio da Sangallo achimbe. Kazi ilimalizika 1537, Papa mwenyewe ameshafariki: kina mita 53, ngazi 248. Uhodari wake ni kwamba ngazi ziko njia mbili zinazozunguka shimo moja, kila moja na mlango wake, bila kuungana isipokuwa kwenye kidaraja cha chini, juu ya maji. Nyumbu walishuka na vyombo vitupu kwa njia moja, wakapanda na maji kwa nyingine. Ukutani yapo madirisha kama 70 yanayoingiza mwanga. Huyo Sangallo alikusudia anayeshuka asikutane abadani na anayepanda. Nathibitisha kwamba alifaulu.

Katikati ya safari mama akaketi dirishani. "Tangulia, baba. Nakuja." Nikatangulia. Nikasubiri kidarajani, nikawaona watalii wakitupa sarafu majini, nikasubiri tena. Nikaita, "Mamaaa!" Kisima kikajibu chenyewe, mara nyingi, na Wajerumani wawili wakasogea pembeni.

Kurudi kwa njia ileile haikuwezekana, kundi la wanafunzi lilikuwa linateremka limeijaza. Nikapanda ya pili, huku nachungulia kila dirisha. Ghafla nikamwona ng'ambo ya shimo, kitenge chake cha njano, anashuka! Nikapunga mikono. "Nisubiri hapo hapo!" Naye akapunga. "Nisubiri wewe!" Mwangwi ukachanganya maneno yetu, ukaturudishia kitu kama ugomvi wa sokoni.

Basi mimi kwa heshima nikageuka, nikashuka kumfuata chini. Yeye kwa huruma akageuka, akapanda kunifuata juu. Wale wanafunzi niliowaogopa mimi waliambiwa "Nipisheni!" kwa Kiswahili cha darasani, wakajibanza ukutani wote.

Chini, hayupo. Nikakaa. Simu haikamati kitu huko. Nilichukua muda mrefu kuamua, kisha nikapanda kwa njia ya kushukia, nikisema "scusi" kwa kila tumbo nililobanana nalo, hadi nikatokea mlango wa kuingilia nikiwa nimelowa jasho. Mama hayupo. Alikuwa ananisubiri mlango wa kutokea, mahali ambapo mtu mwenye akili hutokea.

Nikamkuta amekaa kwenye benchi, amezungukwa na bibi watatu wa Kiitaliano waliomshika mikono. Hawakuelewana hata neno, lakini mmoja alikuwa analia.

"Alhamdulillahi," akasema mama, na akaendelea na simu.

Hapo ndipo yangu ikapata mtandao, ikaanza kutetemeka kwenye mfuko. Mama alikuwa ametuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia. Nikausikiliza. Sauti tulivu, hakuna uongo hata chembe: "Jamani, mkwe kaingia kisimani. Nimemwita, haitiki. Kisima kirefu sana." Mwisho.

Mke wangu ameshaomba ruhusa kazini. Shemeji wa Muheza anauliza kama Waitaliano wanatoa maiti bure au kwa malipo. Mjomba, ambaye hajawahi kunipenda, ameandika kwamba nilikuwa kijana mwema. Na mtunza hazina wa kundi tayari ameweka orodha ya michango, jina la kwanza kabisa likiwa langu, nadaiwa elfu ishirini.

Nikampigia mke wangu kumwambia mimi ni mzima. Akashusha pumzi, kisha akauliza, "Na mama umemwacha wapi peke yake?"