Kubadili Programu ya Ruta na Kugawa Mtandao wa Nyumbani: Ushauri Upi Una Uzito Zaidi?

Mtu akiuliza namna ya kuulinda mtandao wa nyumbani, mara nyingi hupewa mashauri mawili kwa pamoja, kana kwamba ni jambo moja. La kwanza ni kuiondoa programu dhibiti (ile inayokiendesha kifaa) iliyokuja na ruta, kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, kutoka kiwandani na kuweka mahali pake programu huria, yaani yenye msimbo ulio wazi kwa wote, kama OpenWrt, DD-WRT au FreshTomato. La pili ni kuugawa mtandao, ili kamera, runinga na simu za wageni zisichanganyike na kompyuta yenye nyaraka za familia. Naona mashauri haya hayalingani. La pili linamfaa karibu kila mwenye nyumba, ilhali la kwanza linamfaa yule tu ambaye yuko tayari kuendelea kulishughulikia miaka kadhaa baada ya siku ya kulifanya. Hata hivyo hayatengani kabisa, kwa sababu mipaka ya mtandao uliogawanywa huwekwa na ruta yenyewe, na ruta ikishaingiliwa, mipaka hiyo haimzuii mtu.

Wanaotetea programu huria wana historia nzuri ya kuisimulia. Mwaka 2003 ilibainika kwamba ruta ya Linksys WRT54G ilikuwa ikiendeshwa na mfumo huria wa Linux, na kwa kuwa leseni ya GPL inamtaka anayesambaza programu ya aina hiyo atoe pia msimbo wake, kampuni ikaishia kuutoa. Kutokana na msimbo huo mradi wa OpenWrt ulianza Januari 2004. Tangu hapo hoja yao haijabadilika: mtengenezaji hupata faida yake siku ruta inapouzwa, na hana sababu kubwa ya kuitunza baadaye, lakini watu wanaoitumia kila siku wanayo sababu hiyo.

Matukio ya karibuni yanawaunga mkono. Januari 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kuvunjwa kwa KV Botnet, kundi la ruta zilizotekwa ambazo wadukuzi wanaoitwa Volt Typhoon, wanaohusishwa na serikali ya China, walizitumia kuficha nyendo zao. Zilikuwa ruta mamia za nyumbani na za ofisi ndogo, nyingi kati yake zikiwa za Cisco na NetGear ambazo watengenezaji walikuwa wameshaacha kuzitolea masasisho. Wenyewe hawakuwa na sababu ya kushtuka, kwa kuwa intaneti ilikuwa inafika na bili ilikuwa inalipwa. Ruta iliyozeeka kiusalama haitoi dalili kama inavyofanya ile iliyoharibika, na hapo ndipo hoja ya kuendelea kupata masasisho kutoka kwa mradi huria inapokuwa na maana kubwa.

Upande wa pili hupata nguvu tunapoacha kuzungumzia ruta kwa ujumla na kukiangalia kifaa kimoja. TP-Link TL-WR841N ni ruta ya bei nafuu iliyouzwa kwa wingi. Chini yake kuna kibandiko, na kwenye kibandiko kuna neno Ver likifuatiwa na namba. Ver 13 ina flashi (kumbukumbu inayohifadhi programu) ya megabaiti 8 na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya megabaiti 64, lakini Ver 14, iliyotoka baadaye, ilirudishwa kwenye 4 na 32. Jina halikubadilika, na anayeiona dukani hawezi kujua mpaka aigeuze. Kwa OpenWrt tofauti hiyo ni kubwa mno, kwa kuwa toleo la 19.07 lilikuwa la mwisho kuzihudumia rasmi ruta za 4 na 32, nalo lilifungwa mwaka 2022. Aliyeweka programu huria kwenye ruta ya kiwango hicho na kuiacha yuko palepale alipo jirani yake mwenye programu ya kiwandani: wote wawili hawapati masasisho, ila yeye anaamini amejilinda.

Kuna pia hatari ya siku yenyewe ya kuflashi, yaani kuandika programu mpya kwenye flashi ya ruta. Faili la Ver isiyo yake linaweza kuiua ruta, na umeme ukikatika wakati flashi inaandikwa matokeo huwa yaleyale. Nyingi hufufuka kwa kuunganishwa na kompyuta kwa waya na kutumiwa faili kwa TFTP, njia sahili ya kutuma mafaili, lakini hiyo ni kazi ya anayejua anachokifanya, na anahitaji intaneti ya kutafutia maelekezo wakati ambapo intaneti ya nyumbani ndiyo iliyozimika. Wanaoishi penye mgao wa umeme hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kwangu mimi, hata hivyo, hatari ya siku moja si kikwazo kikuu. Kikwazo ni miaka inayofuata. Toleo la 23.05 la OpenWrt lilitoka Oktoba 2023, na mwaka 2025 lilikuwa limeshafikia mwisho wa kuhudumiwa. Kuhamia toleo jipya huhifadhi mipangilio, lakini vifurushi vya programu za ziada ambavyo mtumiaji aliviweka mwenyewe, tuseme cha VPN (njia iliyosimbwa ya kupitisha mawasiliano kwenye intaneti) au cha kuzuia matangazo, haviendi pamoja nayo na inabidi viwekwe upya. Ili kuondoa usumbufu huo mradi ulianzisha huduma ya kutayarisha faili la sasisho ambalo tayari lina vifurushi vyote vya mtumiaji. Desemba 2024 ikabainika kwamba huduma hiyo ilitambua maombi kwa alama ya utambulisho ya SHA-256 iliyofupishwa hadi herufi 12 kati ya 64, ufupi unaorahisisha kutengeneza ombi jingine lenye alama ileile, na kwamba palikuwa pia na njia ya kupenyeza amri kwenye seva inayotengeneza mafaili hayo. Mshambuliaji angeweza kuunganisha kasoro hizo mbili na kumfanya mtu asiye na habari apakue faili lililochezewa. Kasoro zilizibwa ndani ya saa chache tangu ziliporipotiwa. Kila upande huuchukua mkasa huu na kuuvutia kwake, nami sioni kosa: kasi ile ni nadra kwa wauzaji wa ruta za bei nafuu, na ni kweli vilevile kwamba anayebadili programu bado analazimika kuiamini seva ya mtu mwingine.

Kwa hiyo swali la kuanzia lisiwe ni programu ipi iliyo bora, bali ni nani katika nyumba hiyo atakayeisasisha. Kijana aliyeiflashi ruta akiondoka kwenda chuo, mama yake anabaki na kurasa za LuCI, zile za kuisimamia OpenWrt, ambazo hajawahi kuzifungua, na fundi wa mtaani au mtoa huduma akiitwa hana wajibu wa kuzijua. Mahali pasipo na mtu wa kuibeba kazi hiyo, ruta ya kiwandani inayojisasisha yenyewe usiku ni salama zaidi kuliko OpenWrt iliyosahauliwa.

Kugawa mtandao ni suala jingine, na hapa siyumbi sana. Katika nyumba zetu nenosiri la waifai halikai siri. Mpangaji wa chumba cha uani analo, shemeji aliyekuja kulala siku mbili aliondoka nalo, na watoto wa jirani wanaokuja kufanyia kazi za shule barazani walishapeana. Karibu ruta zote zinazouzwa leo zina mtandao wa wageni unaowashwa kwa kubofya mara chache bila kubadili programu yoyote, na ukiwashwa kwa usahihi, simu iliyomo humo inafika kwenye intaneti lakini haifiki kwenye printa wala kwenye folda zilizoshirikishwa. Nyumba ikifanya hilo peke yake, tayari imepata sehemu kubwa ya faida.

Kamera za CCTV zinahitaji kufikiriwa zaidi. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na mashine za kurekodia kwa kujaribu majina na nywila za kiwandani, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vya namna hiyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn hadi tovuti nyingi kubwa zikashindwa kufunguka. Kuweka kamera kwenye mtandao wa wageni kungeilinda kompyuta ya mwenye nyumba dhidi ya kamera iliyotekwa, lakini kusingeizuia kamera hiyo kuwashambulia wengine, kwa kuwa njia yake ya kwenda nje ingali wazi. Kuifunga njia hiyo kunamnyima mwenyewe uwezo wa kuangalia picha kwa simu akiwa safarini, na jambo hilo ndilo lililowafanya wengi wanunue kamera. Linatatuliwa kwa VPN kama WireGuard, inayomwezesha kuingia kwenye mtandao wa nyumbani akiwa nje, ambayo OpenWrt inaiweza na ruta nyingi za bei ya chini haziwezi. Hapo programu huria inaleta faida halisi ambayo mtandao wa wageni hauwezi kuileta, ingawa kwa aliye nyuma ya anwani ya intaneti inayochangiwa na wateja wengi, kama ilivyo kwa laini nyingi za simu, itabidi pia atafute seva ya kukutania nje, maana ruta yake haifikiki moja kwa moja.

Wapinzani wa kugawa mtandao hulalamikia usumbufu, na hawasemi uongo. Simu ikiwa mtandao mmoja na runinga janja ikiwa mwingine, alama ya kurusha video haitokei. Vifaa hivi hutafutana kwa ujumbe wa mDNS unaotumwa kwenye anwani 224.0.0.251, bandari (namba ya mlango wa mawasiliano) 5353, na ujumbe huo hauvuki kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine mpaka uwekewe kipokezi cha kuurudia upande wa pili. Mtu asiyejua hayo hutumia jioni nzima akidhani runinga imeharibika, kisha anarudisha kila kitu kwenye mtandao mmoja. Kwa nyumba ya kawaida ningeiacha runinga pamoja na simu za familia, kwa sababu mpango mkali ambao watu wa nyumba wanaukwepa haumlindi mtu.

Kosa la upande wa pili ni kugawa kwa jina tu. Kwenye OpenWrt mtumiaji huunda kanda mpya ya ngome (kinga inayochuja mawasiliano), na chaguo linaloitwa Input ndilo huamua kama waliomo kwenye kanda hiyo wanaruhusiwa kuzungumza na ruta yenyewe. Akiliacha wazi, mgeni ataandika anwani ya ruta kwenye kivinjari na kuuona ukurasa wa msimamizi, hata kama hawezi kuifikia kompyuta. Akilifunga bila kuongeza ruhusa kwa bandari 53 (ya kutafuta majina ya tovuti) na 67 (ya kuomba anwani), simu za wageni hazitapata anwani wala kufungua tovuti, na kutokana na usumbufu huo wengine hurudi kulifungua lote. VLAN (mitandao iliyotenganishwa ndani ya kifaa kimoja) zilizopangwa vizuri kwenye karatasi zinaweza kubatilishwa na kisanduku hicho kimoja.

Hata mipaka iliyowekwa sawasawa inategemea afya ya ruta. Mei 2018 watafiti wa Cisco Talos walitangaza VPNFilter, programu hasidi iliyokuwa imeingia kwenye vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi zisizopungua 54, vikiwemo vya Linksys, MikroTik, Netgear na TP-Link. Shirika la FBI liliwaomba watu wazime na kuwasha ruta zao, hatua iliyoondoa sehemu tu ya programu hiyo. Kimoja cha vipande vyake kiliweza kusoma na kubadili mawasiliano yasiyosimbwa yaliyopita kwenye ruta, na kwake haikuwa na maana yoyote kama mawasiliano hayo yametoka mtandao wa wageni au wa familia.

Kwa mteja wa faiba huku kwetu kuna kizuizi kingine ambacho miongozo mingi ya ughaibuni haikitaji: kisanduku kilichofungwa ukutani kwa kawaida ni mali ya mtoa huduma, husimamiwa naye kwa mbali, na hakiruhusiwi kuflashiwa. Anayetaka programu yake inambidi aweke ruta ya pili nyuma yake, na kama mtoa huduma hakubali kukigeuza kisanduku kiwe daraja tu, yaani kipitishe intaneti bila kufanya kazi ya ruta, anwani zitatafsiriwa mara mbili, jambo linalosumbua michezo na VPN kuliko linavyosumbua matumizi ya kawaida. Hata hivyo mpangilio huo una faida yake, kwa kuwa ruta hiyo ya pili ikifa wakati wa kuflashiwa, intaneti ya nyumba bado iko kwenye kisanduku cha ukutani.

Anayenunua ruta hiyo ya pili ana jambo moja la kuangalia kabla hajatoa fedha. Tangu tarehe 29 Aprili 2024 sheria ya Uingereza inawataka watengenezaji watangaze muda wa chini ambao kifaa kitapata masasisho ya usalama. Ruta nyingi zilizopangwa kwenye maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, na barabara ya Luthuli, Nairobi, zinatoka kwa kampuni hizohizo zinazouza Uingereza, na tamko hilo linapatikana kwenye tovuti zao. Ver ya huku inaweza kutofautiana na ya kule, hivyo ageuze boksi aisome kwanza, kisha alinganishe na orodha ya vifaa vya OpenWrt. Ruta ambayo haimo kwenye orodha wala haina tarehe iliyotangazwa ningeiacha dukani hata kama antena zake ni sita.